Mizani Mbili Katika Nyumba Moja: Filamu ya Way Down East (1920) na Nidhamu ya Kanisa

1. Utangulizi

Huenda msomaji atashangaa kukuta katika jarida la theolojia makala ihusuyo picha ya sinema, tena picha ya zamani isiyo na sauti, iliyotengenezwa Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mshangao huo tunauelewa. Kwa muda mrefu wahubiri wengi waliihesabu sinema pamoja na dansi na ulevi kuwa mambo ya dunia ambayo Mkristo mwangalifu huyapa kisogo. Hata hivyo, Maandiko yenyewe hutuonyesha kwamba Mungu amewahi kuwaonya watu wake kwa njia wasizozitarajia. Mfalme Daudi hakuitambua dhambi yake alipotazama maisha yake mwenyewe. Aliitambua pale nabii Nathani alipomsimulia kisa cha mtu mwingine (2 Sam. 12). Kwanza alimkasirikia mtu wa kisa kile, ndipo akaonyeshwa kwamba mtu huyo ni yeye.

Filamu tunayotaka kuitafakari hapa inafanya kazi inayofanana na kisa cha Nathani. Jina lake ni Way Down East, na ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 3 Septemba 1920. Inahusu ndoa, kashfa, na desturi ya jamii ya kumpima mwanamke kwa mizani moja na mwanamume kwa mizani nyingine. Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, tutaeleza filamu hiyo ilikuwa ya namna gani na inasimulia nini. Pili, tutaonyesha jinsi inavyoifichua mizani hiyo miwili ndani ya nyumba ya watu wacha Mungu. Tatu, tutauliza filamu inakomea wapi, na kwa nini Injili haiwezi kukomea hapo. Neno letu la msingi ni hili: filamu inamtetea mwanamke kwa sababu hana hatia, lakini Kanisa limetumwa pia kwa yule mwenye hatia.

2. Melodrama na filamu zisizo na sauti

Maonyesho ya filamu mbele ya hadhara iliyolipa kiingilio yalianza mjini Paris mwezi Desemba 1895, kwa kazi ya ndugu wawili wa ukoo wa Lumière. Tangu wakati huo hadi mwisho wa miaka ya 1920, filamu hazikuwa na sauti. Maneno ya wahusika, pamoja na maelezo ya msimulizi, yaliandikwa katika vibao vilivyotokea kwenye pazia kati ya picha moja na nyingine. Muziki ulipigwa na wanamuziki waliokuwapo ukumbini. Kwa kuwa sauti haikusikika, kazi kubwa ilifanywa na uso, mikono na mwendo wa mwigizaji. Mambo yalianza kubadilika mwezi Oktoba 1927 ilipotolewa The Jazz Singer, na katika miaka michache iliyofuata filamu za sauti zikachukua nafasi yote.

Neno melodrama limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja likimaanisha wimbo na jingine likimaanisha tendo. Lilistawi katika majumba ya michezo ya kuigiza ya Ufaransa tangu mwisho wa karne ya 18, likiwa jina la mchezo ulioambatana na muziki. Melodrama ina desturi zake. Wema na uovu hutenganishwa waziwazi. Mtu asiye na hatia huonewa na kusingiziwa, mwovu husifiwa kwa muda, na mwishoni ukweli hufunuliwa mbele ya wote. Ndoa ilikuwa uwanja wake mkuu, kwa kuwa katika ndoa hukutana sheria, mali, heshima ya ukoo na miili ya watu. Kashfa nayo ndiyo silaha yake, maana kashfa ni jambo la sirini linalotupwa hadharani, na mara nyingi mzigo wake humwangukia yule ambaye alama ya jambo imebaki mwilini mwake.

Way Down East ilikuwa kwanza mchezo wa jukwaani ulioandikwa na Lottie Blair Parker, na ulioneshwa New York mwaka 1898. Baadaye ulizunguka katika miji mingi ya Marekani kwa miaka mingi. Kufikia mwaka 1920 wengi waliuona kuwa umechakaa. Mwongozaji David Wark Griffith alinunua haki ya kuufanya filamu kwa dola 175,000, na watu wa karibu naye walidhani amepotoka. Lakini watazamaji walijaa kumbini, na filamu ikawa mojawapo ya zilizoingiza fedha nyingi katika enzi hiyo.

Wakati wa kutolewa kwake nao unastahili kuangaliwa. Tarehe 26 Agosti 1920, siku nane tu kabla ya onyesho la kwanza, ilitangazwa rasmi kwamba katiba ya Marekani imerekebishwa, na kwamba hakuna raia atakayenyimwa kura kwa sababu ya jinsia. Sheria ya kura ilikuwa imegeuka, lakini mioyo na desturi za nyumbani zilikuwa bado. Griffith mwenyewe aliigusa habari hiyo katika vibao vya mwanzo vya filamu yake. Vinasema kwamba tangu kale wanaume wamekuwa na wake wengi, hata watakatifu wa Biblia, lakini Mwana wa Adamu alileta wazo jipya la mume mmoja kwa mke mmoja. Vinaongeza kwamba jambo hilo halitatimizwa kwa wingi wa sheria, bali kwa ukweli utakaochanua ndani ya moyo wa mwanamume. Yaani, tangu dakika ya kwanza filamu inamwelekea mwanamume na kuuliza habari za usafi wake yeye.

3. Kisa chenyewe

Anna Moore, anayeigizwa na Lillian Gish, ni msichana maskini wa kijijini katika eneo la New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Anaishi na mama yake mjane. Umaskini unapowabana, anatumwa Boston kuomba msaada kwa jamaa zao matajiri. Huko anakutana na Lennox Sanderson, kijana tajiri anayeishi kwa fedha za baba yake na kwa kuwawinda wanawake. Sanderson anapoona kwamba Anna hatakubali lolote nje ya ndoa, anaandaa ndoa ya uongo. Anayeifungisha si mchungaji wa kweli, na mashahidi ni wenzi wa hila hiyo. Anna anaamini kwamba ameolewa mbele za Mungu. Mwanamume anamwomba aifiche ndoa yao, kwa kisingizio kwamba baba yake akisikia atamnyima urithi.

Anna anaporudi kwao na kujikuta mja mzito, anamsihi mumewe aitangaze ndoa. Ndipo anapoambiwa kwamba hakuna ndoa iliyopata kuwapo. Mama yake anafariki. Anna anakwenda mahali asipojulikana, anapanga chumba, na kujifungua mtoto peke yake mbali na jamaa. Mtoto anaugua na kufa mikononi mwake. Mwenye nyumba, aliyekuwa akimshuku kwa kuwa hakuna mume aliyeonekana, anamfukuza.

Akitembea barabarani kutafuta kazi, Anna anafika kwenye shamba la familia ya Bartlett. Baba wa nyumba, ambaye kijijini huitwa Squire, jina la heshima la mwenye shamba, ni mtu wa dini, msomaji wa Biblia na mkali katika maadili. Anasita kumpokea mgeni asiye na historia, lakini mkewe anamwombea naye anapokewa. Anna anafanya kazi kwa uaminifu na kupendwa na wote. Kijana wa nyumba, David, anampenda na kutaka kumwoa, naye Anna anakataa bila kueleza sababu. Kumbe shamba la Sanderson liko jirani, naye huja nyumbani kwa Bartlett kama mgeni wa heshima, akimtupia macho msichana mwingine wa ukoo huo.

Siku moja yule mwenye nyumba wa zamani anamwona Anna kijijini. Habari inamfikia mwanamke mmbea wa kijiji, naye anaipeleka kwa Mzee Bartlett. Mzee haamini umbea papo hapo. Anasafiri hadi kule Anna alikojifungulia ili kuhakikisha. Anaporudi, katika usiku wa dhoruba ya theluji, anamfukuza Anna mbele ya watu wote walioketi mezani. Miongoni mwa walioketi ni Sanderson. Anna, ambaye mpaka hapo amenyamaza, anageuka kabla ya kutoka na kumwonyesha kwa kidole mgeni wa heshima, akiwauliza kwa nini hawakuchunguza pia maisha ya mtu huyo. Kisha anatoka na kupotelea kwenye dhoruba.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyoipa filamu umaarufu wake mkubwa. Anna anazimia juu ya barafu ya mto inayopasuka na kusafiri kuelekea kwenye maporomoko, na David anarukia vipande vya barafu kimoja baada ya kingine mpaka anamfikia. Picha nyingi za sehemu hiyo zilichukuliwa kwenye baridi kali huko White River Junction, Vermont, na Gish alilala juu ya barafu halisi huku mkono na nywele zake zikiburuzwa majini. Mwishoni Mzee Bartlett anaomba msamaha, Sanderson anajitolea kumwoa Anna na kukataliwa, na Anna anafunga ndoa ya kweli na David.

4. Mizani mbili

Tunaweza kuitazama mizani hiyo katika sehemu tatu: chumba alimofia mtoto, meza ya Mzee Bartlett, na ofisi ya wakaguzi wa filamu.

4.1 Chumba cha mtoto

Kwa msomaji Mlutheri, hakuna sehemu ya filamu iliyo na uzito kuliko ubatizo wa yule mtoto. Anna ameingiwa na hofu kwamba mtoto akifa bila ubatizo hatamwona Mungu. Hakuna mchungaji anayeitwa. Basi anachukua maji, na kwa mkono wake mwenyewe anambatiza mwanawe kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Anampa jina Trust, lenye maana ya imani au tumaini, na kumwongezea jina la baba aliyemkana.

Tuulize kitheolojia: je, ubatizo ule ulikuwa halali? Jibu la mapokeo yetu ni ndiyo. Katika barua yake kwa wakuu Wakristo wa taifa la Kijerumani (1520), Luther alifundisha kwamba penye dharura Mkristo yeyote aweza kubatiza, kwa kuwa wote waliobatizwa ni makuhani. Ubatizo haupati nguvu zake kwa heshima ya mbatizaji machoni pa jamii, bali kwa maji yaliyofungamanishwa na Neno. Kwa hiyo mwanamke ambaye kijiji kilimhesabu kuwa najisi alitenda tendo takatifu la Kanisa, na Mungu hakulikataa.

Hata ile hofu yake ilihitaji mchungaji wa kuijibu. Mwaka 1542 Luther aliandika maneno ya faraja kwa wanawake ambao watoto wao walikufa kabla ya kubatizwa. Aliwafundisha kwamba maombi na kuugua kwao kwa ajili ya mtoto husikiwa na Mungu, wala Mungu hakujifunga kwa namna ambayo hawezi kuokoa pasipo sakramenti. Maneno hayo yangemfaa sana Anna. Lakini mchungaji hakuwapo, na mtu pekee aliyewahi kuvaa sura ya mchungaji katika maisha yake ya ndoa alikuwa yule wa uongo. Hilo ni jambo la kutuhuzunisha sisi tulio katika huduma.

4.2 Meza ya Mzee Bartlett

Ni rahisi kumcheka Mzee Bartlett na kumwita mnafiki. Filamu yenyewe haimfanyi hivyo. Anaamini kweli kile anachokisoma. Hakupokea umbea bila kuuchunguza, alifunga safari. Kosa lake liko katika uchunguzi wenyewe, kwa kuwa ulikuwa wa nusu. Aliuliza kama mwanamke alizaa, wala hakuuliza mtoto alikuwa wa nani. Alipopata jibu la swali la kwanza aliona kazi imekwisha.

Uchunguzi wa namna hiyo tunaufahamu kutoka Yohana 8. Waandishi na Mafarisayo walimleta mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, wakaitaja torati ya Musa. Lakini torati hiyo, katika Kumbukumbu la Torati 22, inawahusu wote wawili, mwanamume na mwanamke. Mtu hafumaniwi katika uzinzi akiwa peke yake. Mwanamume alikuwa wapi? Walioileta torati walikuwa wameikata katikati kabla ya kuileta, na Bwana Yesu hakukubali kutoa hukumu kwa torati iliyokatwa. Yuda naye, katika Mwanzo 38, aliagiza Tamari achomwe moto kwa sababu ya mimba yake, mpaka alipoonyeshwa pete na fimbo yake mwenyewe. Kitabu cha Mithali (20:10) kinasema wazi kwamba mawe ya kupimia ya namna mbili ni chukizo kwa Bwana. Maneno hayo huhubiriwa mara nyingi kwa wafanyabiashara wa sokoni. Yafaa yahubiriwe pia katika vikao vya wazee.

Tuangalie tena jinsi watu walivyoketi. Mwanamume aliyefanya hila anakula chakula cha nyumba ile, na mwanamke aliyetendewa hila ndiye anayekitenga chakula hicho mezani, kisha anatupwa nje. Kwa wanaojua maana ya meza katika ushirika wa Kikristo, picha hiyo haihitaji maelezo marefu.

4.3 Ofisi ya wakaguzi

Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba maonyesho ya filamu ni biashara tu, wala hayalindwi kama magazeti. Uamuzi huo ulidumu mpaka mwaka 1952. Kwa sababu hiyo majimbo yaliweza kuwa na bodi za kukagua filamu na kukata yale yaliyoonekana kudhuru maadili. Bodi ya jimbo la Pennsylvania ilidai vipande 60 viondolewe katika Way Down East. Iliondoa ndoa ya uongo na yaliyofuata, ikaondoa dalili za ujauzito, na hata upendo wa mama kwa mtoto wake. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha kusudi. Watazamaji wa jimbo lile walimwona Anna akibusiana na Sanderson, na punde wakamwona na mtoto.

Tukio hilo lina somo kubwa. Wakaguzi walitaka kulinda maadili, lakini walichokiondoa ni tendo la mwanamume, na walichokibakiza ni aibu ya mwanamke. Walifanya kwa mkasi jambo lile lile ambalo Mzee Bartlett alifanya kwa safari yake. Kuficha habari ya dhambi si sawa na kuishinda dhambi. Mara nyingi anayenufaika na ukimya ni yule aliyekosa.

5. Mahali filamu inapokomea

Mpaka hapa tumeisifu filamu. Sasa hatuna budi kuipima, na kwanza tumpime aliyeitengeneza. Griffith huyu aliyeona vizuri dhuluma dhidi ya msichana maskini ndiye aliyeongoza The Birth of a Nation mwaka 1915, filamu iliyowadhalilisha watu weusi wa Marekani na kukitukuza kikundi cha Ku Klux Klan. Chama cha NAACP kiliipinga, na mwaka ule ule kikundi hicho kilianzishwa upya katika jimbo la Georgia. Kwa hiyo aliyefichua mizani mbili kwa wengine alikuwa nazo mwenyewe. Jambo hili litufundishe unyenyekevu: mtu anaweza kuona dhuluma moja kwa uwazi kabisa na kuwa kipofu kwa nyingine.

Jambo la pili ni la ndani zaidi. Kwa nini watazamaji wanamhurumia Anna? Ni kwa sababu alidanganywa. Alidhani ameolewa. Melodrama imehakikisha kwamba hana doa, ili tuweze kumlilia bila wasiwasi. Mzee Bartlett anapoomba msamaha, anauomba kwa kuwa amegundua kwamba alikosea katika ukweli wa mambo. Lakini tuseme Anna hakudanganywa. Tuseme alijua kwamba hakuna ndoa, akaingia kwa tamaa, au kwa upweke, au kwa njaa. Je, Mzee angalitoka kwenda kumtafuta katika dhoruba? Filamu haina jibu. Imembadili Mzee katika kumhukumu asiye na hatia, haijambadili katika kumhukumu mwenye hatia.

Miaka sita baadaye, Lillian Gish aliigiza katika filamu nyingine iliyokaribia swali hilo. Ni The Scarlet Letter ya mwaka 1926, iliyoongozwa na Victor Sjöström kutoka Sweden, kutokana na riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya mwaka 1850. Gish alisimulia kwamba kampuni ilisita kuitengeneza kwa kuwa vikundi vya makanisa na vya wanawake vilikipinga kisa hicho, naye akaviandikia mpaka vikaridhia. Humo mwanamke, Hester Prynne, hakudanganywa. Ana mume aliye mbali, naye anajua. Mwanamume ni mhubiri wa mji, Arthur Dimmesdale. Hester anavaa alama ya uzinzi kifuani mbele ya watu, na mhubiri anaendelea kupanda mimbarini. Mwishowe mhubiri anaungama mbele ya umati na kufa mikononi mwa Hester. Hapa kuna hatia ya kweli na ungamo la kweli, lakini filamu inaishia penye mauti.

Kwa hiyo melodrama inaijua njia ya kumtangaza asiye na hatia kuwa hana hatia, na inaijua njia ya kumfanya mwenye hatia aungame na kufa. Njia ya tatu, ya mwenye hatia kusamehewa na kuishi, haimo katika filamu hizi mbili. Lakini hiyo ndiyo Injili. Paulo anaandika katika Warumi 4 kwamba Mungu humhesabia haki yule asiyekuwa na haki, na Kanisa letu limelishika fundisho hilo kuwa ndilo linalolisimamisha au kuliangusha. Yule mwanamke wa Yohana 8 hakuwa Anna Moore. Hakuna anayesema kwamba alisingiziwa. Bwana hakumhukumu, wala hakuiita dhambi yake jambo dogo. Alimwachilia akaishi, na akamwagiza asirudie.

6. Nidhamu ya Kanisa

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuketi, au siku moja wataketi, katika baraza la wazee ambamo jina la msichana aliyepata mimba nje ya ndoa linatajwa. Desturi inajulikana: atatengwa na Meza ya Bwana, kisha atarudi kundini kwa utaratibu wa usharika. Hatupingi nidhamu, Bwana mwenyewe ametufundisha njia yake katika Mathayo 18. Tunachouliza ni kama nidhamu yetu ni ya dhambi au ni ya tumbo linaloonekana. Kijana aliyempa mimba huenda Jumapili ile ile anaimba kwaya, na kupokea mkate na divai pamoja na walioamua kumtenga mwenzake. Mwili wake haukutoa ushahidi, basi wazee hawakuuliza. Uchunguzi wetu umekuwa wa nusu, kama ule wa Mzee Bartlett.

Jamii nayo ilitembea njia hiyo. Katika Tanzania, msichana aliyepata mimba alipoteza nafasi yake shuleni kwa miaka mingi, na aliyempa mimba, akiwa mwanafunzi asiyejulikana, aliendelea na masomo. Ni mwezi Novemba 2021 ambapo Serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi. Wakati serikali inafungua mlango, isionekane kwamba Kanisa ndilo linaloshikilia komeo.

Makala za Smalcald (1537), katika sehemu ya tatu, zinatupa kipimo kizuri. Zinafundisha kwamba adhabu ya kweli ya kutengwa ni kuwazuia wenye dhambi walio wazi na wakaidi wasiifikie sakramenti mpaka watakapotengeneza maisha yao. Tuyaangalie maneno hayo mawili kwa pamoja: wazi na wakaidi. Mimba inaweza kulifanya jambo kuwa wazi, lakini haimfanyi mtu kuwa mkaidi. Msichana anayelia mbele ya mchungaji wake si mkaidi. Mwanamume anayemkana mtoto na kuendelea kusifiwa mbele ya watu, huyo ndiye anayekaribia maana ya neno hilo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa wachungaji na kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa huduma. La kwanza, baraza lisimjadili mwanamke peke yake. Swali juu ya mwanamume liulizwe kwa bidii ile ile, na lisipopata jibu, wazee wakumbuke kwamba wanahukumu wakiwa na nusu ya habari. La pili, mchungaji amtembelee mama na mtoto kabla ya kikao, wala si baada yake. Mtoto asinyimwe ubatizo kwa sababu ya wazazi wake, maana ahadi ya Mungu haiulizi alizaliwa katika ndoa gani. La tatu, kurudi kundini kusiwe tamasha la aibu. Ondoleo la dhambi linatamkwa ili dhamiri ipate amani, si ili watu wa usharika wapate kutazama.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba filamu ya mwaka 1920, yenye desturi zote za melodrama, iliingia katika nyumba ya watu wa Biblia na kuonyesha mizani mbili zilizokuwamo. Tumeona pia kwamba ukombozi wake unategemea kutokuwa na hatia kwa Anna, na kwa hiyo hauwafikii wengine wote waliotupwa nje usiku. Kanisa linakabidhiwa jambo kubwa zaidi kuliko hilo. Linakabidhiwa Neno linalompokea aliyeonewa na aliyekosa pia, na linalomwita mwanamume aliyejificha aje mahali pale pale penye toba na rehema.

Msomaji atakapoketi tena katika kikao cha wazee, na jina la msichana likatajwa, basi akumbuke ile meza ya Mzee Bartlett na aulize kwa upole nani mwingine ameketi pale. Swali hilo huenda likawatia wengine uchungu, na huenda likatugusa sisi wenyewe. Lakini bila swali hilo tutakuwa tumeikata torati katikati, na hatutakuwa na Injili kamili ya kumpa msichana yule atakapoingia. Bwana wa Kanisa atusaidie kuwa na mizani moja, na rehema kwa wote watakaopimwa humo.